Uvimbe wa damu kwa watoto utibiwe Lualaba

Mtoto wa Tenke, mji wa migodi jimboni Lualaba, Kongo, mwenye uvimbe wa mishipa ya damu kichwani au shingoni apimwe na kutibiwa humu jimboni, tena mapema.

Uvimbe huu si saratani. Aina inayowapata vichanga husinyaa yenyewe baadaye, lakini kwanza hukua mbio katika miezi michache: penye kope waweza kupofusha jicho, kooni huziba pumzi. Tangu 2008, madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walipoonyesha kuwa propranololi huusinyaza, dawa hiyo ya moyo, ya zamani na ya bei ndogo, imekuwa tiba ya kwanza, mapigo ya moyo na sukari ya mtoto vikifuatiliwa.

Hatari kubwa ni kisu. Uvimbe ukidhaniwa jipu na kupasuliwa, damu haizuiliki kirahisi. Ekografi ya doppler, isiyo na maumivu, huonyesha damu inavyopita, na husaidia kutambua aina nyingine isiyosinyaa, inayohitaji bingwa.

Fedha zipo. Sheria ya migodi ya 2018 huzidai kampuni za migodi angalau 0.3% ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Wanaosimamia fedha hizo, pamoja na wakuu wa afya, wanunue mashine ya ekografi, wawafunze wauguzi na kuweka dawa Tenke mwaka huu.