Taa za Gari la Kale na Macho ya Anayeliendesha

Mwaka 1973 Shekhar Mehta, dereva aliyezaliwa Uganda, alishinda mashindano ya magari ya Safari akiwa na Datsun 240Z, gari dogo la michezo la aina ile ile iliyokuwa imeshinda mwaka 1971. Leo magari ya rika hilo, pamoja na MGB na Jaguar E-Type, ni hazina za familia. Hutunzwa na kung'arishwa Uingereza, Marekani na Japani. Afrika Mashariki nayo, tangu mwaka 2003, imekuwa na mashindano maalumu ya Safari kwa magari ya kale. Popote walipo, wenye magari hayo wana lalamiko moja: usiku taa haziangazi vya kutosha. Na dawa wanayoikimbilia ni moja pia: balbu yenye mwanga mkali zaidi.

Dawa hiyo mara nyingi hutolewa kabla ya ugonjwa kujulikana. Kuona usiku ni kazi ya viungo viwili vinavyotegemeana, taa na jicho, na vyote viwili huzeeka. Mwenye gari anayebadilisha balbu bila kupima umeme wa gari lake, mlenguo wa taa zake na afya ya macho yake, hufanana na mgonjwa anayeongeza dozi ya dawa bila kujua kinachomsumbua. Tena madhara ya dozi hiyo hayampati yeye peke yake. Humpata pia dereva anayekuja mbele yake, na mtu atembeaye kandokando ya barabara.

Ni vema kuanza na taa yenyewe. Magari mengi ya enzi hizo yana taa za mviringo zenye kipenyo cha inchi 7. Nyingi zilikuwa taa zilizofungwa kiwandani, ambazo uzi wa balbu, kiakisi na kioo cha mbele ni kitu kimoja. Uzi ukikatika, hubadilishwa taa nzima. Mtindo huo ulienea Marekani kuanzia magari ya mwaka 1940. Balbu ya halojeni yenye nyuzi mbili, ijulikanayo kama H4, ilikuja mwaka 1971. Kwa kuwa kipenyo cha inchi 7 kilikuwa cha kawaida katika nchi nyingi, mwenye MGB au 240Z anaweza leo kuondoa taa ya kale na kuweka ya H4 bila kukata wala kutoboa bodi. Hayo ni mabadiliko mema, na hayalivunjii gari heshima yake.

Hata hivyo, taa mpya hailipwi haki yake ikiwa umeme hauifikii. Mwanga wa balbu yenye uzi hutegemea sana volti: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Katika magari mengi ya zamani, umeme wa taa husafiri kutoka kwenye betri hadi kwenye swichi ndani ya gari, kisha hadi swichi ya kubadilishia mwanga, ndipo urudi mbele kwenye taa. Nyaya ni nyembamba, viungo vimeota kutu ya miaka 50, na pale umeme unapopaswa kurudi kupitia bodi, kuna tabaka za rangi. Mwanga hupotea njiani kabla haujazaliwa. Mbaya zaidi, balbu mbili za wati 60 huhitaji takriban ampea 10, mzigo ambao swichi iliyochoka haiumudu bila kupata moto.

Tiba yake ni ya bei nafuu. Fundi umeme wa magari huweka rilei mbili, moja kwa mwanga mrefu na moja kwa mwanga wa kupishana, pamoja na fyuzi na waya mnene utokao moja kwa moja kwenye betri. Swichi ya zamani hubaki na kazi nyepesi ya kuiamuru rilei. Viungo husuguliwa hadi ing'are chuma, na kiakisi kilichopauka hubadilishwa. Wengi waliofanya hivyo wamegundua kwamba balbu waliyokuwa wakiilaumu haikuwa na kosa.

Hatua ya pili ni mlenguo. Gari likisimama kwenye uwanja tambarare, mita 10 kutoka ukutani, ukingo wa juu wa mwanga wa kupishana kwa kawaida hutakiwa kuwa takriban sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Taa ya gari la michezo iliyo sentimita 60 kutoka ardhini, ikilengwa hivyo, huangaza barabara hadi mita 60 hivi. Ikiinuliwa kidogo tu, mwanga huo hupanda hadi usoni mwa anayekuja.

Hapa pana mtego ambao wanunuzi wa vipuri kutoka ng'ambo hawauoni. Taa ya H4 iliyosanifiwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia huinua sehemu ya mwanga wake upande wa kulia, ili kumulika ukingo wa barabara. Taa hiyo hiyo ikifungwa kwenye gari la Kenya, Tanzania au Uingereza, ambako magari hupita kushoto, mwanga ulioinuliwa humwangukia dereva wa upande wa pili. Hakuna kiasi cha kulenga kitakachorekebisha kosa hilo. Anayeagiza taa kutoka Ujerumani au Marekani hana budi kuuliza kwanza imetengenezwa kwa barabara za upande gani.

Baada ya hayo yote ndipo lije swali la balbu, na leo swali hilo maana yake ni LED. Taa nzima ya LED, iliyosanifiwa pamoja na lenzi yake na kuidhinishwa, inaweza kuwa taa nzuri. Tatizo ni ile balbu ya LED inayochomekwa ndani ya taa iliyotengenezwa kwa ajili ya uzi. Kiakisi kimepimwa kwa uzi mdogo uliokaa mahali maalumu. Chanzo cha mwanga kikiwa na umbo jingine, au kikisogea hata kidogo, mwanga humwagika juu ya ukingo ambao haukupaswa kuvukwa. Tena nyingi za balbu hizo huangaza sana sehemu iliyo karibu na gari. Dereva huona lami nyeupe mbele ya boneti na kufurahi, kumbe mboni zake zimejibana kwa sababu ya mwanga huo wa karibu, na kile kilicho mbali kimezidi kuzama gizani.

Nchini Uingereza, kanuni za ukaguzi wa magari zinakataza taa za halojeni kugeuzwa kutumia balbu za LED kwa magari yaliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1986 au baadaye. Magari ya kabla ya hapo hayaguswi na katazo hilo, na baadhi ya wenye magari ya kale huuchukua ukimya huo kama ruhusa. Lakini jicho la anayekuja mbele halijui gari lilisajiliwa mwaka gani.

Na jicho lenyewe ndilo linalosahauliwa zaidi. Kadiri umri unavyosonga, mboni haipanuki tena gizani kama zamani, na lenzi iliyo nyuma yake hugeuka manjano na kupoteza uangavu. Inakadiriwa kwamba retina ya mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoifikia retina ya kijana wa miaka 20. Wengi wa wanaomiliki magari haya waliyatamani ujanani na wakayapata walipokwisha kulea watoto na kusomesha. Kwa hiyo anayelalamika kwamba taa zimefifia huenda anasema kweli kuhusu gari, huenda anasema kweli kuhusu lenzi za macho yake, na mara nyingi anasema kweli kuhusu vyote viwili.

Mtoto wa jicho anapoanza, hutawanya mwanga ndani ya jicho kama kioo chenye mikwaruzo. Mgonjwa anaweza kusoma vizuri herufi za chati katika chumba chenye mwanga, na bado akapofuka kwa sekunde kadhaa kila anapopishana na gari usiku. Kwa gari la michezo shida hiyo huzidi. Jaguar E-Type ina kimo cha takriban mita 1.2 tu, na macho ya dereva wake yako karibu mita moja juu ya barabara, mahali hasa ambapo taa za basi na lori hupiga. Anayeendesha gari la namna hiyo ndiye mtu wa kwanza kuumizwa na taa mbovu za wengine. Angetarajiwa kuwa wa mwisho kuwafanyia wenzake hivyo.

Mtoto wa jicho si sababu pekee. Glakoma hupunguza upeo wa pembeni, kule anakotokea mtembea kwa miguu. Matone ya pilokapini hubana mboni. Retina iliyotibiwa kwa leza kwa sababu ya kisukari inaweza kupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuona gizani. Hata miwani iliyopitwa na wakati, au kioo cha mbele cha gari chenye mikwaruzo na mafuta, hutosha kuharibu kazi ya taa nzuri. Kuhusu ile miwani ya njano inayouzwa kwa madereva wa usiku, haifai: hupunguza mwanga unaoingia jichoni wakati ambapo kila chembe yake inahitajika.

Wapo watakaosema kwamba gari la kale huendeshwa usiku mara chache, na kwamba mjadala huu ni wa watu wachache wenye fedha. Hesabu haikubaliani nao. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari husafiri mita 22 kila sekunde. Dereva anayehitaji sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki amekwisha kupita mita 33 kabla breki hazijaanza kazi, na kusimama kwenyewe kunahitaji takriban mita 35 nyingine, breki zikiwa nzima. Jumla ni mita 68, zaidi ya zile 60 za mwanga wa kupishana. Ni safari moja tu ya usiku inayohitajika ili hesabu hiyo imkute mtu. Aidha, kilichosemwa hapa kuhusu nyaya, mlenguo na macho kinamhusu vilevile mwenye teksi chakavu na dereva wa lori.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu takriban milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Wengi wa hao hawana taa za kubadilisha. Maisha yao yamo katika taa na macho ya wengine.

Kwa hiyo wahudumu wa afya wana jambo la kufanya, nalo halihitaji mashine. Mgonjwa aliyevuka miaka 50 na anayeendesha gari aulizwe maswali matatu: Je, ameanza kukwepa safari za usiku? Je, taa za wengine humuumiza kuliko zamani? Je, baada ya kupishana na gari, huchukua muda mrefu kuiona tena barabara? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo latosha kumpeleka kwa mtaalamu wa macho, hata kama amesoma chati hadi mstari wa mwisho.

Mwenye gari naye afuate mpangilio wake: nyaya na rilei, kioo na kiakisi, mlenguo, balbu inayolingana na taa, na katika juma hilo hilo, kipimo cha macho. Akikuta kwamba tatizo lilikuwa mtoto wa jicho, ajue kwamba upasuaji wake ni miongoni mwa ule unaofanikiwa zaidi katika tiba, na kwamba huenda akaziona tena taa zile zile za mwaka 1973 ziking'aa kama alivyozikumbuka. Na hadi siku hiyo ifike, gari lilale gereji jua linapozama.