Hatutaki kuwa nafasi tupu kwenye ramani

Vijana wenzetu wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, na nyinyi wote munaotusoma kutoka Kasongo, Kalima, Punia mpaka Goma: leo hatuongei barabara, hatuongei mishahara ya walimu. Leo tunaongea michezo ya video. Musicheke kwanza, musome mpaka mwisho.

Wazee wetu wakiona kijana ameinama juu ya telefone wanasema: "Amemaliza iniversite, sasa kazi yake ni michezo." Tunawaelewa. Lakini tuko wengi wenye diploma na bila kazi, na pale tunapongojea telefone zijae moto, mabishano yanaanza. Si juu ya mpira tu. Tunabishana pia: mchezo gani unafaa zaidi, ule wa RPG ao ule wa stratejia?

Kwa asiyejua: RPG ni mchezo ambamo unachukua mtu mmoja, unamupa jina, unamukomaza polepole mpaka anakuwa shujaa. Stratejia ni mchezo ambamo unapewa watu wote, na mashamba, askari, shule, mipaka, na wewe ndiye unaamua.

Kambi ya RPG inasema: hapa angalau jasho linalipwa. Unapiga panya kumi, unapanda daraja. Unasaidia mzee wa kijiji, anakupa upanga. Sisi tumepanda madaraja yote, kutoka mwaka wa kwanza wa primere mpaka lisanse, na juu ya ngazi tumekuta mlango umefungwa. Kwa hiyo tunaelewa juu ya nini michezo hii inatuliza roho. Lakini dawa ya kutuliza si dawa ya kuponyesha.

Kambi ya stratejia inasema: hapa unajifunza kwamba kila uamuzi uko na bei. Ukimwaga pesa yote kwa jeshi, njaa inaingia mjini. Ukisahau barabara, mavuno yanaoza shambani. Na hauna mtu wa kusingizia.

Na ile michezo ya bure ya telefone, sawa vile Clash of Clans iliyotoka Finland mwaka 2012? Wengi tunaicheza kila tukipata mega. Unajenga nyumba, wanakuambia ngoja siku mbili. Ukiwa na pesa, unanunua almasi, nyumba inasimama palepale. Hapo hatuna cha kujifunza: kungojea huku mwenye pesa anapita mbele, tumeshazoea zamani.

Basi sisi tunasimama na stratejia. Na kwa sababu tunaipenda, tuko na haki ya kuuliza: kwenye ramani yake, sisi tuko wapi?

Tuchukue Victoria 3, iliyotolewa mwaka 2022 na kampuni Paradox ya Sweden. Inaanza mwaka 1836 na kumalizika 1936. Unaweza kuchagua Ubelgiji, Uingereza, hata falme ndogo ambazo mwalimu wa jeografia hakututajia. Lakini watu wengi wa katikati ya Afrika wamewekwa kuwa inchi ambazo hauwezi kuchagua. Wako kwenye ramani ili wengine waje kuwatawala. Na kwenye Victoria II ya mwaka 2010 ilikuwa mbaya zaidi: sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa ardhi bila mwenyewe, inangojea rangi ya mzungu.

Sasa tuangalie ni nini kilipita hapa Maniema katika miaka ileile. Mwaka 1871 Livingstone alifika Nyangwe, kwenye soko kubwa kando ya Lualaba, mama zetu wa zamani wakiuza samaki na vyungu. Alitaka mitumbwi ashuke na mto ajue unaenda wapi. Wenye mitumbwi walimukatalia. Waliona watu wa bunduki aliofika nao, wakafanya hesabu yao, wakasema hapana. Alingoja miezi, akashindwa. Mwezi wa saba wafanyabiashara wa watumwa waliua mamia ya watu katika soko lile, na Livingstone akarudi Ujiji bila kuuona mwisho wa mto.

Wandugu, kumukatalia mtu mtumbwi ni stratejia. Wale watu hawakuwa nafasi tupu. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip, alibadilisha kambi mwaka 1892, akaenda upande wa État ya Léopold. Mwaka uliofuata Nyangwe na Kasongo zikaanguka, na haohao wazungu wakamuua. Tunaweza kumusifu ao kumulaumu, lakini hatuwezi kusema hakuwa mchezaji. Alicheza, akapoteza.

Wengine watatuambia: Kongo iko ndani ya Civilization VI tangu 2016, munataka nini tena? Kweli, mfalme Mvemba a Nzinga yuko mule, na tulifurahi kumuona. Ni yule aliyeandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526 akilalamika juu ya biashara ya watu. Lakini ndani ya mchezo, Kongo yake ndiyo haiwezi kuanzisha dini yake yenyewe: inangoja dini ya wengine. Halafu ufalme wake ulikuwa kule mto unapoingia baharini. Sisi wa mto wa juu bado hatujafika kwenye ramani.

"Lakini mchezo ni mchezo tu." Hapana. Mtoto wa Ulaya anajifunza Afrika iko wapi kupitia ramani ile. Na mtoto wa Kindu akicheza, anajifunza kubonyeza Ubelgiji ili ashinde. Hilo ndilo linatuuma: tunazoea kujitazama kwa jicho la anayekuja kuchukua.

Na tusisahau kwamba hizo mashine ziko na udongo wetu ndani. Mwaka 2000, PlayStation 2 ilipotoka na telefone zikaenea, bei ya tantale, ile inayotoka katika koltani, ilipanda sana duniani. Mwaka huo Kindu ilikuwa chini ya waasi wa RCD, na vita vililishwa na madini. Mwaka 2011 Waitaliano wa Molleindustria walitengeneza Phone Story, mchezo mudogo wa telefone unaoonyesha watoto wa Kongo wakichimba koltani chini ya bunduki. Apple iliutoa haraka kwenye duka lake. Kumbe tunaruhusiwa kuwa ndani ya telefone, lakini si kwenye kioo.

Tufanye nini? Kulia peke yake hakutoshi.

Kwanza, tujue kwamba inawezekana. Yaoundé, vijana wa Kameruni wa Kiro'o Games walitoa Aurion mwaka 2016, RPG yenye mashujaa na hadithi za Kiafrika. Freeciv ilianzishwa na wanafunzi watatu wa iniversite ya Aarhus, Denmark, miaka ya 90. Wanafunzi, sawa na sisi. Tofauti kubwa: wao walikuwa na kuran.

Pili, tuanze na kilicho mkononi. Unciv ni mchezo wa stratejia wa bure, unaingia kwenye telefone ya kawaida, hauombi mega ukishaushusha. Mataifa yake yameandikwa katika faili za maandishi, na mtu anaweza kuongeza taifa lake bila kuwa injenia. Basi tuandike Maniema. Miji: Nyangwe, Kasongo, Kindu, Kibombo. Nguvu ya pekee: wenye mitumbwi, wanaoweza kumufungia mto mgeni wasiyemutaka. Aliyesoma historia alete historia, aliyesoma informatike alete mikono, anayejua kuchora achore. Na maneno yote yawe kwa Kiswahili chetu.

Tatu, kwa wakubwa wa muji na wa jimbo: hatuombi muache kazi zenu mutujengee kasri. Tunaomba chumba kimoja katika kila komini, chenye kuran ya jua, ordinatere chache na meza, wazi kwa wavulana na wasichana. Musiite voyou kijana anayekaa saa tano akipanga namna ya kulisha muji wa kwenye kioo. Mumuulize angelisha huu wa kweli namna gani. Pengine yuko na jibu.

Na kwetu sisi wenyewe: tukicheza usiku wa leo, kabla ya kuchagua Ubelgiji, tuulize ni nani hayuko kwenye orodha, na juu ya nini.

Waliokuwa na mitumbwi walijua kusema hapana. Sisi ni wajukuu wao.

Kindu, sisi vijana