Kichujio Hakimjui Mdogo Wangu

Mdogo wangu ana miaka 13. Mwezi uliopita, tukiwa kwenye treni ya kurudi Södertälje, alinionyesha meseji kwenye simu yake. Mtu asiyemjua anamuuliza kama anataka kazi: kupeleka mfuko tu, hela nzuri. Hakuna tusi, hakuna picha chafu. Sasa niambie, kichujio gani kingeikamata hiyo?

Kwenye kipindi kilichopita tulibishana kama serikali iwafungie watoto mitandao. Australia imeshaanza: tangu tarehe 10 Desemba 2025, walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa. Hapa Uswidi nako wanasiasa wanalizungumza.

Mimi sipingi kila kizuizi. Kurasa za picha za watoto wanaonyanyaswa zifungwe, tena leo. Lakini tusijidanganye. Magenge ya hapa yanatafuta watoto makusudi, kwa sababu kwa miaka mingi sheria imekuwa hivi: aliye chini ya miaka 15 hahukumiwi. Ukifunga programu moja, wanahamia nyingine.

Halafu sisi tunaijua swichi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi Tanzania, intaneti ilizimwa. Mama alikaa siku kadhaa akitazama tiki moja ya kijivu kwenye meseji zake kwa bibi. Anayeishika swichi leo siye atakayeishika kesho.

Kinachobaki ni mafunzo. Shuleni yapo, ila karatasi inafika nyumbani kwa Kiswidi, mama anasaini, basi. Si kwamba hajui kulea. Anajua vizuri kwamba mtu baki akikupa pipi ya bure, ana lake jambo. Hajui tu kwamba siku hizi pipi inakuja kwenye simu. Sisi ndio tunajua, kwa hiyo tumwambie, tena kwa Kiswahili, hata kama ni cha kuungaunga.

Ile meseji tuliipiga picha, hatukuijibu, tukamwonyesha mama, kisha tukapiga polisi 114 14. Lakini yote hayo yaliwezekana kwa sababu moja: mdogo wangu alijua sitamnyang'anya simu.

Basi leo usiku muulize wako: kuna mtu usiyemjua amekuandikia? Halafu nyamaza, umsikilize.