Sabuni mdomoni

Mimi mzima, zamu za usiku tu ndizo zinanimaliza. Samahani kwa ukimya. Leo nina dukuduku, na dada yangu naomba usome mpaka mwisho kabla hujanuna.

Hapa Arizona wodini kwetu tunapokea Wanavaho wengi, wenyeji wa nchi hii kabla mzungu hajafika. Juzi mzee mmoja alikuwa anaongea na binti yake kwa lugha yao. Nimesimama pale na dripu mkononi, sikuambulia hata neno. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo maana Wajapani walishindwa.

Kwa wasiojua kisa chenyewe: vita kuu ya pili, Wajapani walikuwa wananasa mawasiliano ya redio ya Wamarekani. Mwaka 1942 Philip Johnston, mtoto wa mmisionari aliyekulia kwa Wanavaho, akawashauri Marines watumie Kinavaho. Wakachukuliwa vijana 29, wakakaa wakatunga maneno yao. Sisi tuliita ile gari ya vita kifaru, wao wakaiita kobe. Nyambizi ikawa samaki wa chuma. Bomu la mkono, kiazi. Mabomu ya ndege, mayai. (Nimecheka peke yangu kwenye basi.) Yote yakakaa kichwani, hakuna kwenda vitani na karatasi. Mpaka vita inaisha walikuwa kama 400. Pale Iwo Jima, Februari 1945, sita kati yao walipitisha ujumbe zaidi ya 800 katika siku mbili za mwanzo bila kosa.

Na msidhani ilitosha kuijua lugha. Joe Kieyoomia, Mnavaho mwenyewe, alitekwa Ufilipino mwaka 1942. Wajapani wakamtesa awatafsirie. Maneno aliyasikia, ila hayakumwingia akilini.

Watu huku wanapenda kuisimulia hadithi hii kwa fahari. Mimi inanikera. Chester Nez, mmoja wa wale 29, aliyefariki 2014, alisoma shule ya bweni ya serikali. Mtoto akikutwa anaongea Kinavaho alisafishwa mdomo kwa sabuni. Serikali ileile ikaja kuomba lugha ileile! Wakarudi vitani wakaambiwa wafunge mdomo, siri ikakaa hadi 1968. Arizona na New Mexico, Wahindi Wekundu wanaoishi kwenye maeneo yao waliotengewa walizuiwa kupiga kura mpaka 1948. Medali za dhahabu za wale 29 zilitolewa mwaka 2001, wengi wao wameshazikwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia "unaona, lugha ya asili ina faida", namwuliza faida ya nani? Ile lugha ilikuwa na thamani tangu mama zao walipowabembelezea. Isingeshinda vita hata moja, sabuni ingebaki kuwa uonevu tu.

Sasa dada, nakuja kwako. Uliniandikia kwa furaha kwamba mwanao shuleni kwake akiongea Kiswahili anavishwa kibao shingoni, "ndiyo maana Kiingereza kinamkaa". Kisambaa ndiyo kabisa, umekipiga marufuku hata nyumbani. Mimi Kiingereza ndicho kinachonipa mkate, sikidharau. Lakini nilikijua bila kuvishwa kibao, na usiku wagonjwa wanapopoteza fahamu hakuna anayeweweseka kwa lugha ya shule. Wanaita kwa lugha ya mama. Nimeyaona mara nyingi.

Mwaka jana nilipokuja likizo, Bibi alimwita huyo mtoto akamtume chumvi. Mtoto akanigeukia mimi, ati nimtafsirie. Bibi alinyamaza, akaenda kuifuata mwenyewe. Wewe ulikuwa uani, hukuona.

Jumapili nitapiga simu saa kumi jioni. Mpe Bibi hiyo simu, na mtoto akae hapohapo karibu.