Parachichi la Meghan

Katika kipindi cha kwanza cha With Love, Meghan, kilichoanza kuonyeshwa Netflix tarehe 4 Machi 2025, mwenye kipindi, Meghan, Duchess wa Sussex wa Uingereza, anamwandalia rafiki yake chumba cha wageni. Anachukua mfuko wa vitafunio vya dukani, vile vikavu vya chumvi vyenye siagi ya karanga ndani, anavimimina kwenye mfuko mwingine unaoonyesha kilichomo, anaufunga, kisha anaubandika kikaratasi chenye mwandiko wake. Basi, ni hayo tu. Lakini sekunde hizo chache zimeandikiwa makala London na New York kana kwamba mtu amevunja benki. Msimu wa pili ulipotoka Agosti mwaka huohuo, bado walikuwapo wachambuzi waliokuwa wakitafuna vitafunio vilevile.

Kipindi chenyewe kinachosha, na sioni haja ya kulizungukia hilo. Wageni wanasifia kila kinacholiwa, asali inarinwa taratibu, matunda yanapangwa kwa rangi za upinde wa mvua, na mtazamaji anaangalia saa. Anayesema hivyo nakubaliana naye. Ninaogombana nao ni wale wanaojifanya wanakosoa kipindi kumbe wanamsakama mtu, tena kwa makosa ambayo mwingine akiyafanya huitwa maadili mema.

Wakosoaji wana hoja zao na ni haki kuzitaja. Wanasema ni tajiri anayewafundisha wasio na kitu namna ya kupanga maua. Kweli, ila ndiyo biashara yenyewe hiyo. Mmarekani Martha Stewart aliijenga mpaka akaipeleka kampuni yake kwenye Soko la Hisa la New York mwaka 1999, na wateja wake hawakuwa wanawake wenye mashamba Connecticut; walikuwa wanunuzi wa maduka ya bei nafuu ya Kmart. Wanasema pia kwamba huyu alilalamika kuingiliwa faragha, sasa anajianika mwenyewe mbele ya kamera. Hoja hii hupigiwa makofi sana na ni nyepesi kuliko zote. Alichokipeleka mahakamani ni barua aliyomwandikia baba yake, iliyochapishwa na gazeti la Mail on Sunday mwaka 2019, na mahakama za Uingereza zikampa haki mara mbili ndani ya mwaka 2021. Mtu anaweza kufungua duka barazani na bado akafunga mlango wa chumba chake cha kulala.

Wanasema, tatu, kwamba anauza jemu. Naam, anauza.

Sasa turudi kwa yule mgeni aliyeandaliwa chumba. Ni Daniel Martin, mpambaji mashuhuri ambaye ndiye aliyempamba Meghan siku ya harusi yake Windsor, Mei 2018. Januari 2019 Martin alimtembelea rafiki yake Uingereza, akaandaliwa chai na mkate wa kuokwa wenye parachichi juu, akapiga picha na kuiweka Instagram. Ukarimu wa kawaida: mgeni kaja, kalishwa, kashukuru. Siku chache baadaye gazeti la Express likaandika kwamba parachichi alipendalo Meghan linahusishwa na ukiukwaji wa haki za binadamu na ukame. Daily Mail nalo likaongeza mauaji. Mauaji, kwa kipande cha mkate!

Lakini Express hilohilo, Septemba 2017, lilikuwa na parachichi jingine. Mwanamfalme William alikuwa amepewa tunda hilo na mtoto mdogo ampelekee mkewe Kate, aliyekuwa mjamzito na akisumbuliwa na kichefuchefu. Gazeti likashangilia na kuuliza kama hiyo ndiyo dawa ya Kate. Hakuna aliyeuliza tunda limetoka shamba gani, nani alilimwagilia, wala nani alikufa. Tunda ni lilelile na gazeti ni lilelile. Kilichobadilika katika miezi ile kumi na sita ni mwanamke aliyetajwa pamoja nalo.

Tumbo nalo likaja. Machi 2018 Daily Mail lilimwonyesha Kate ameweka mikono juu ya ujauzito wake na kueleza kwa upole kwamba anaukumbatia. Januari 2019 Mail on Sunday, gazeti la nyumba hiyohiyo, lilimwonyesha Meghan katika mkao huohuo na kuuliza kwa nini hawezi kuondoa mikono tumboni. Je, ni majivuno? Ni maigizo? Wataalamu wakaitwa kutoa maoni. Mwenye kushika tumbo lake mwenyewe akatafutiwa wataalamu!

Husemwa kwamba magazeti yana waandishi wengi, kila mmoja na mtazamo wake, hivyo si haki kuwabebesha wote mzigo mmoja. Ningelikubali hilo kama makosa yangeelekea kila upande, leo huyu kesho yule. Hayakuelekea hivyo. Januari 2020, Meghan alipojitoa na mumewe katika majukumu ya kifalme, tovuti ya BuzzFeed ilikusanya jozi ishirini za habari za aina hii, za Meghan na Kate, tendo moja hukumu mbili. Maua ya harusi yamo, Krismasi imo, hata manukato ya kanisani yamo. Wahenga walishasema akutukanaye hakuchagulii tusi, na hapa tusi halikuchaguliwa hata kidogo. Lilikuwa linaokotwa kwenye chochote kilichokuwa mezani.

Na kama kweli waandishi wale walikuwa na uchungu na wakulima wa parachichi, nafasi ya kuuonyesha haikuchelewa. Oktoba 2020 yaliibuka madai ya wanakijiji wa Murang'a, nchini Kenya, dhidi ya kampuni ya Uingereza yenye hisa nyingi katika Kakuzi, mkulima mkubwa wa matunda hayo. Walidai kwamba walinzi wa mashamba waliwatendea ukatili mzito kwa miaka kadhaa. Maduka ya Tesco yakasitisha kununua. Februari 2021 kampuni hiyo ikatangaza makubaliano ya kulipa hadi pauni milioni 4.6, gharama za mawakili zikiwamo. Hapo ndipo palipokuwa na habari ya parachichi na haki za binadamu: majina ya vijiji, mawakili, fedha, na rafu za maduka ya Waingereza wenyewe. Iliandikwa, na Sunday Times lilitangulia kwa heshima. Ila ile hamaki ya Januari 2019 sikuiona ikirudi. Watu wa Murang'a hawakuwa na duchess wa kuwekwa kwenye kichwa cha habari.

Kwa hiyo leo nikisoma kwamba tatizo la With Love, Meghan ni uongo, kwa sababu jiko lile si la kwake na picha zilipigwa katika nyumba nyingine ya Montecito, nashindwa kushtuka. Mwaka 2007 BBC ilikiri kwamba basi alilopanda Nigella Lawson katika Nigella Express lilikuwa la kukodi, na abiria waliomzunguka walilipwa kukaa humo. Kelele zikapigwa kidogo, kisha zikanyamaza. Nigella ameendelea kupika na kupendwa, na anastahili, maana anajua kupika na anajua kusema. Televisheni ya mapishi ni maigizo tangu ilipozaliwa. Kila mhariri wa London anajua hivyo, halafu anaketi kuandika kana kwamba amefumania.

Hata jina la Meghan limekuwa kesi. Katika kipindi chake anamkumbusha mgeni wake, mwigizaji Mindy Kaling, kwamba sasa anaitwa Sussex, jina analotumia pamoja na watoto wake. Ikawa kashfa. Kwetu, ambako mwanamke huitwa Mama Fulani tangu arobaini ya mtoto na jina lake la kwanza likasahauliwa na mtaa mzima, sijui mshangao huo ungeuzwa kwa nani.

Na hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha, kwa sababu mshangao huo uliuzwa, tena kwetu. Redio zetu, kurasa zetu za burudani na vijana wetu wenye chaneli za mitandaoni huchukua maneno ya magazeti ya udaku ya London, huyatia Kiswahili na kuyarusha hewani kama habari. Mtangazaji wa Dar es Salaam au Nairobi ambaye hajakitazama kipindi hata dakika kumi anawaeleza wasikilizaji kwamba huyu mama "anajifanya". Anajifanya nini? Kwa nani? Mwanamke ambaye mama yake, Doria Ragland, ni Mmarekani Mweusi anasimangwa na gazeti la Uingereza, na sisi tunalibebea gazeti hilo spika. Tunafanya bure kazi ambayo wenyewe wanalipwa.

Hao tunaowanakili hawana hata rekodi ya kujivunia. Desemba 2022 The Sun lilichapisha safu ya Jeremy Clarkson kuhusu Meghan, yenye maneno ambayo sitayarudia katika ukurasa huu. Malalamiko zaidi ya 25,000 yakafika kwa IPSO, chombo ambacho magazeti yenyewe yalijiundia kujisimamia. Gazeti likaiondoa safu na kuomba radhi. Juni 2023 IPSO ikaamua kwamba maandishi yale yalimdhalilisha kwa jinsia yake. Sehemu ya malalamiko iliyohusu rangi ikaikataa. Hukumu hiyo imetoka kwa wenzao, wala si kwa mashabiki wa Meghan.

Mhariri wa burudani, kazi yako haihitaji umpende. Kitazame kipindi, na kama kinachosha andika kwamba kinachosha, aya moja inatosha. Habari yake ikitoka London, kabla hujaipeleka hewani lifute jina lake, weka la Kate au la Nigella, uisome tena. Ikiwa haisimami, itupe. Na ukibaki na nafasi tupu, piga simu Murang'a.