Binti ndiye aliyeshika kalamu

MSTARI WA PEMBENI
Na Zawadi Mkondya

Muuza madaftari wangu wa Kariakoo akiniona siku hizi ananitania: "Kocha, mipira mmeacha?" Ana haki. Msimu huu nimenunua kwake kaunta buku 18 za kwaya mbili, na mpira nimenunua mmoja tu. Huo mmoja nao niliusaka kuliko madaftari yote, kwa sababu nilitaka namba 6. Wanawake duniani kote wanacheza kikapu kwa mpira namba 6, lakini kila anayetaka kutusaidia anatuletea namba 7, ule wa wanaume, halafu tunamlaumu mtoto wa miaka 14 kwamba mikono yake haina nguvu.

Nafundisha wasichana kikapu Upanga, kwenye kiwanja cha saruji kilichobanwa na magorofa. Kuna wanaoshuka ngazi za hapohapo wakiwa na chupa za maji baridi, na kuna wanaopanda kutoka Jangwani na Mchikichini wakiwa na vumbi hadi magotini. Tunakutana saa kumi na nusu. Shikamoo kocha, marahaba, kaeni. Kabla mtu hajagusa mpira tunakaa dakika 7 chini ya mwarobaini, tunaandika. Kuna mama alinijia juzi, kwa upole kabisa, akauliza kama mwanawe amekuja kucheza au amekuja tuisheni. Nilimjibu kwa kifupi pale, nikamwambia jibu refu atalisoma gazetini.

Mama, nilianza vibaya.

Siku ya kwanza niliwaambia waandike malengo yao. Nusu walitaka kuwa madaktari (Muhimbili ipo hapo jirani, huenda ndiyo sababu) na waliobaki walitaka kuisaidia jamii. Wote waliandika Kiingereza cha mtihani, kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula. Nami nikatoa kalamu nyekundu. Ndiyo, nilisahihisha. Sitasema niliandika nini chini ya insha ya jezi namba 4, ila lilikuwa neno moja, na wiki iliyofuata namba 4 alikuja bila daftari. Limelowa, alisema. Ilikuwa Agosti, na mvua hatukuwa tumeiona tangu nisahau lini.

Aliyenizindua si mtaalamu wa michezo. Nilikuwa narudia kusoma Utendi wa Mwana Kupona, kwa shughuli nyingine kabisa. Mnaujua: mwaka 1858, huko kaskazini mwa pwani yetu, mama mgonjwa anamwita binti yake asogee karibu, aje na wino na karatasi, apokee wasia. Miaka yote nimeusoma utendi ule nikimtazama mama. Usiku ule nikamtazama binti. Amekaa, ana wino, ana karatasi, kuandika anajua, na kila neno linalotoka kwenye kalamu yake ni la mama. Shaaban Robert naye, karibu miaka 100 baadaye, katika Utenzi wa Hati, anamkalisha binti yake kitini aandike, kisha baba anasema na binti anaandika. Sina ugomvi na wazazi hawa. Wasia ni mapenzi, na Mwana Kupona alijua siku zake zinahesabika. Lakini tafuta utenzi wa majibu. Tafuta mahali binti alipogeuza karatasi upande wa pili akaandika na yeye lake. Mimi nimetafuta, sijauona.

Nami na kalamu yangu nyekundu nilikuwa nimesimama kwenye foleni ileile.

Hata kikapu chenyewe kimemfuata msichana kwa karatasi za watu wengine. Desemba 1891, mjini Springfield, Marekani, James Naismith aliandika sheria 13, zikapigwa chapa na kubandikwa kwenye ukumbi wa mazoezi. Mchezo ulianzia kwenye karatasi. Muda si mrefu Senda Berenson akaupeleka kwa wasichana wa chuo cha Smith, akaziandika upya sheria na kukigawa kiwanja mapande matatu, kila mchezaji abaki pande lake, maana enzi zile kukimbia sana kulihesabiwa kuwa hatari kwa mwanamke. Na hadi 2017 kitabu cha sheria cha FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, kilikuwa kinamzuia mwenye hijabu asicheze mechi rasmi. Wachezaji wangu saba wanajifunga mtandio. Nilipowaambia kwamba sentensi kitabuni ndiyo iliyowafungia wenzao mlango, na sentensi nyingine ikaufungua, namba 4 aliuliza nani aliiandika ya kwanza. Swali zuri, sikuwa na jibu. Wiki ile daftari lake likakauka.

Nikabadilisha swali. Sikuuliza tena malengo wala ndoto wala "michezo imenifunza nini". Niliwaambia: chagua sekunde 5 za jana, uandike kilichokuwepo. Mguu ulikuwa wapi, nani alikuwa anaongea, jasho liliingia jicho gani. Wakauliza, Kiingereza au Kiswahili? Nikasema hata kwa matusi, ilimradi ni yako. Hayo ya matusi nimeyajutia kidogo.

Sekunde 5 sikuzitoa hewani. Ndizo anazopewa mrusha mitupo huru, akiwa amesimama mstarini, mpira mkononi, wenzake wote wamenyamaza pembeni. Jezi namba 11 alikuwa amekosa mitupo miwili mwishoni mwa mechi, tukafungwa kwa pointi moja. Miezi mitatu nilikuwa nampigia kelele akunje magoti, aruke, amalizie mkono. Nilidhani ni mvivu. Niliwahi hata kusema hivyo mbele ya wenzake, Mungu anisamehe. Kesho yake aliandika hivi, nanukuu kwa ruhusa yake: "Nilipofika mstarini niliangalia chini. Viatu ni vya dada. Akitoka kazini saa moja anavitaka. Nikaruka kidogo ili soli isifunguke zaidi. Mpira haukufika."

Nilisoma nimesimama, nikaenda kukaa.

Fundi viatu alichukua shilingi 3,000 na gundi ikashika. Namba 11 bado anakosa mitupo, tena mingi, ila sasa anakosa akiwa ameruka. Miezi mitatu ya kelele haikunipa nilichokipata kwenye mistari mitano. Mimi ningeendelea kuyalaumu magoti mpaka msimu unakwisha.

Kuna kocha mwenzangu anasema haya yote yangejulikana kwa kumuuliza tu. Jaribu. Muulize msichana wa Dar, mbele ya wenzake 17, kwa nini haruki. Atakwambia, "Nitajitahidi, kocha."

Siku nyingine nawapeleka Donbosco Upanga kutazama Ligi ya Kikapu ya Dar es Salaam, hasa zikicheza Vijana Queens, JKT Stars au DB Troncatti. (Jina Troncatti ni la Maria Troncatti, mtawa Mwitaliano aliyekuwa muuguzi huko Ecuador. Waliliuliza wao, nikalazimika kutafuta.) Naruhusu madaftari jukwaani. Mara ya mwisho namba 9 hakuandika pointi hata moja. Aliandika jinsi mchezaji mmoja wa akiba alivyofunga na kufungua kamba za viatu robo nzima, kila kocha alipogeuka kutazama benchi. Namba 9 ni wa akiba kwangu. Nimeanza kujihadhari ninavyogeuka.

Kanuni yetu ni moja. Ukurasa uliokunjwa kona sisomi, na kalamu nyekundu ilishatupwa. Ila niliwaambia tangu mwanzo kwamba nikikuta kwenye ukurasa wa wazi kuna mtu anayemuumiza mtoto, au anayemvizia njiani, hapo sinyamazi: kuna Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, kuna simu 116, na nitakwenda naye mimi mwenyewe. Limetokea mara moja. Halihusiani na safu hii.

Linalohusiana ni wageni wenye kamera. Mwaka huu taasisi moja, jina nalihifadhi, ilikubali kutununulia magoli mapya, yenye nyavu na bodi imara. Karibu tutie saini, wakaomba nakala za madaftari. Walihitaji, kwa maneno yao, simulizi za mabadiliko, walau tano, na picha ya kila mwandishi akitabasamu na mpira. Mwingine akauliza ni yupi anaweza kuwa Hasheem Thabeet wa kike. Thabeet ni mtoto wa mji huu, namba 2 kwenye uteuzi wa NBA mwaka 2009, tunajivunia. Lakini urefu wake ni zaidi ya futi 7, na mrefu wangu kuliko wote ananifikia kidevuni.

Niliwarudishia karatasi zao bila saini. Wazazi kadhaa wamekasirika, na nawaelewa: goli letu la upande wa barabarani limepinda, pete yake inatazama magorofani. Lakini nitamwambia nini mtoto aliyeacha kona bila kuikunja kwa kuniamini mimi, akiikuta soli ya dada yake kwenye ripoti ya mwaka ya watu asiowajua, yenye kichwa cha habari cha kutia huruma? Hiyo ni nakala ileile ya binti aliyeshika kalamu akaandika maneno ya wengine, tena safari hii yana nembo. Anayetaka kutununulia magoli aje atazame mazoezi, ahesabu vichwa, aone risiti. Madaftari hayamo kwenye bei.

Kama serikali ya mtaa inasoma hapa, goli lile linahitaji fundi wa kuchomelea na siku moja ya kazi. Nondo tunazo.

Jumanne namba 11 alinifuata baada ya mazoezi, wakati wenzake wanakusanya koni. Daftari lake limejaa, anaomba jingine. Nikamwambia nitalileta Alhamisi. Halafu, sijui kwa nini, labda uandishi ni ugonjwa, nikamuuliza kama naweza kulipitia lile la zamani kabla hajaliweka kabatini.

"Hapana, kocha," akasema. Akalisokomeza kwenye begi chini ya viatu, akaniaga, akaondoka mbio kwa sababu saa moja ilikuwa imekaribia.

Alhamisi asubuhi nilikuwa Kariakoo. Kaunta buku zimepanda bei.