Kilio cha Haki na Uziwi wa Wahakiki

Wapo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili ambao, wakisikia rapu ikitajwa, huziba masikio kabla ya kuufikia ubeti wa kwanza. Makala haya yanakusudia kuwapinga. Hatudai kwamba kila anayefoka mbele ya kipaza sauti ni malenga. Tunalodai ni kwamba utungo husikilizwa kwanza ndipo uhukumiwe, na kwamba albamu iitwayo Kilio cha Haki, iliyotolewa mwaka 2004, imehukumiwa na wengi wetu bila kusikilizwa.

Albamu hiyo ilirekodiwa Eastlands, Nairobi, katika studio ya muda. Haikusimamiwa na kampuni kubwa ya muziki. Ilitegemea msaada wa wakfu mdogo wa Kiholanzi. Kiini chake ni Ukoo Flani Mau Mau, muungano wa vijana wa Dandora waliokuwa karibu na kundi la Kalamashaka na wenzao wa kutoka Mombasa. Walijipa jina la Mau Mau katika nchi ambayo ilikuwa imeifuta rasmi marufuku ya kikoloni dhidi ya harakati hizo mwaka 2003 tu. Ukosefu wa kazi, mkono mzito wa polisi, na maisha ya mtaa unaopakana na jaa kuu la taka la jiji ndiyo maudhui yao. Miongo miwili imepita, na bado tunakutana na wasikilizaji wanaozikariri tungo hizo kwa ghibu. Ni diwani ngapi zilizochapwa mwaka huo huo zinazoweza kujivunia heshima hiyo?

Hata hivyo, tulipata kumshuhudia mwanafunzi wa uzamili aliyependekeza kuitafiti albamu hii akiambiwa akatafute matini halisi. Hoja alizopewa ni tatu, na zote zinastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba tungo hizi hazikuchapishwa. Hoja hii ni ya kustaajabisha ikitoka katika vyuo vyetu. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba waliitaka Nairobi iiweke fasihi simulizi ya Kiafrika katika kitovu cha masomo ya fasihi. Je, tuliikubali fasihi simulizi kwa sharti kwamba wasimulizi wake wawe wazee wa vijijini? Tumkumbuke pia Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Tungo zake nyingi zilidumu midomoni mwa watu waliozipenda, hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya na kumfafanulia Taylor mwishoni mwa karne hiyo. William Hichens akazichapisha mwaka 1940. Mapenzi ya wasikilizaji ndiyo yaliyotuhifadhia Muyaka. Leo mapenzi ya namna iyo hiyo tunayaita ushabiki.

Hoja ya pili ni kwamba rapu ni ya kigeni. Kweli, ilizaliwa Marekani, mtaani Bronx, katika miaka ya 1970. Lakini riwaya nayo ilizaliwa wapi? Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo walilia kwamba ushairi usio na vina na mizani ni wa kuazima na unaua mashairi ya Kiswahili. Leo Kezilahabi anafundishwa bila mtu kuomba radhi, na mashairi ya arudhi hayajafa. Inashangaza zaidi kwamba wafokaji hawa hawakuvitupa vina. Wamevihamisha kutoka katika ukwapi na utao, wakavitawanya ndani ya mshororo kufuata mapigo ya ngoma. Anayewashtaki wanamabadiliko kwa kukosa vina, kisha akawafukuza wafokaji wenye vina tele, na atueleze ni sheria ipi anayoitetea.

Hoja ya tatu ni Sheng. Inasemekana lugha hii inaharibu Kiswahili, tena huchakaa upesi. Mohamed Hassan Abdulaziz, aliyetoa kitabu chake juu ya Muyaka mwaka 1979, ndiye aliyeandika pamoja na Ken Osinde kuhusu Sheng mwaka 1997. Msomi huyo hakuona aibu kuyachunguza yote mawili. Kuhusu kuchakaa, tunakubali kwamba msamiati wa Sheng hubadilika haraka. Lakini hiyo ni sababu ya kuuandikia sherehe sasa, wangali hai waliouzungumza. Nani leo anamsoma Muyaka bila faharasa ya Kimvita?

Baada ya kuwajibu wapinzani, hatuna budi kuwageukia mashabiki. Wao husema albamu hii ni bora kwa kuwa inasema kweli. Sifa hiyo haitoshi, maana gazeti pia laweza kusema kweli. Zimo humo tungo zinazorefuka bila haja, na upo ukali unaorudiwa hadi ukapoteza makali. Kazi ya mhakiki ni kubainisha palipofaulu na sababu yake. Chukua anwani pekee. Kilio ni maombolezo ya msibani na pia ni malalamiko ya aliyedhulumiwa. Kilio cha haki chaweza kuwa kilio cha kuidai haki, kilio kinacholiwa na haki yenyewe, au kilio kilicho halali, ambacho mliaji hapaswi kukatazwa. Maneno matatu yamebeba maana tatu, na sauti nyingi zinazopokezana ndani ya albamu hazituruhusu kuchagua moja na kuziacha nyingine. Huo ni ufundi, nao unahitaji kuchambuliwa.

Wanaisimujamii wamefanya sehemu yao, na wanahistoria vilevile. Sisi wa fasihi aghalabu tumeziacha tungo hizi ziwe ushahidi katika hoja za wengine. Tunapendekeza, basi, kwamba idara zetu zianze kuzinakili, kuzifafanua pamoja na watunzi wenyewe, na kuwaruhusu wanafunzi waziandikie tasnifu. Muyaka alimpata Sikujua. Hawa wa Dandora na Mombasa wana wasikilizaji wao waaminifu, lakini kumbukumbu za wasikilizaji zina kikomo, na wengine wao wanazeeka pamoja nasi.